Mtungi wa Bibi Mghoi na Kazi Yako Mpya

Sagalla, Jumapili alasiri

Mwanangu Wakesho,

Umetoka kanisani ukaunganisha moja kwa moja hadi Ronge kumuaga mama yako mdogo, nami nimebaki na nyumba. Baba yako amesinzia kitini, redio inamsomea habari asizozisikia. Kesho unaondoka. Kuhusu Nairobi sina la kukufundisha. Umesoma huko miaka minne, na mimi nimefika mara tatu tu, zote ukiwa umenishika mkono nisipotee. Mambo ya kula, kulala na kuchagua marafiki nayaruka yote.

Nataka kukuandikia juu ya kazi yenyewe. Nimefurahi, Wakesho, furaha ya kitoto. Tangu barua ya ajira ije napika nikiimba, na juzi nilitia chumvi mara mbili kwenye maharagwe. Baba yako alikula kijiko kimoja, akaweka sahani chini, akauliza, "Mama Wakesho, na chumvi nayo imeajiriwa wizarani?" Acha atucheke. Mtoto aliyejifunza kusoma kwenye mlima huu anakwenda kukaa kwenye meza ambapo serikali inaamua itafanya nini na hii akili unde, hii AI ambayo kila mtu anaizungumzia na hakuna anayeijua vizuri. Nikifikiria hivyo siwezi kukaa chini. Nimefagia uwanja mara mbili leo, na jana ulikuwa safi.

Lakini Alhamisi, tukipukuchua mbaazi pale nje, uliniambia, "Mama, nafikiria kuwaambia sitaki."

"Hutaki nini?"

"Kazi yao."

Ukanieleza. Jambo la kwanza unalotakiwa kuandika ni pendekezo kuhusu zahanati. Kuna programu zinazosikiliza dalili za mgonjwa na kusema nani apewe dawa arudi nyumbani, na nani apelekwe hospitali kubwa. Mkubwa wako anataka jibu moja kabla ya miezi miwili kwisha: turuhusu, au tupige marufuku.

"Na wataalamu wanasemaje?" nikakuuliza.

"Hawakubaliani, Mama. Mmoja anasema miaka michache tu hii kitu itamshinda daktari. Mwingine anasema ni kelele, zitapita. Wote wamesoma. Wote wananiangalia kama mjinga nikiwauliza swali la pili. Hata walioiunda wanakiri hawajui itafika wapi."

"Na wewe unaonaje?"

"Mimi sioni kitu. Nikisema ndiyo, kuna mtu ataumia. Nikisema hapana, kuna mtu ataumia. Na sijui hata mmoja wao ni nani. Nitaandikaje sheria ya kitu kama hicho?"

Nikakujibu, "Utajua tu ukifika." Ulinitazama kama mtu aliyeuliza njia akaelekezwa na mgeni, ukarudi kwenye mbaazi zako. Lilikuwa jibu la uvivu. Jibu la kweli ninalo miaka yote hii, ila lina aibu yangu ndani yake, ndiyo maana halikutoka. Leo nalitoa.

Unayajua madaftari yangu. Tangu nikiwa kidato cha pili sijaruka siku, isipokuwa ile uliyozaliwa na ile aliyozaliwa kaka yako. Ninalo hapa la mwaka ule ulipokuwa bweni na sisi tukaletewa ATM ya maji. Unaikumbuka ilivyokuwa ajabu. Unaigusisha kadi, maji yanatoka, unaiondoa, yanakatika. Mzee Mwakio alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji, na mimi nilikuwa katibu kwa sababu ya mwandiko. Siku fundi alipomaliza kuifunga tulimzunguka na maswali. Itakuwaje watu wakizidi? Itakuwaje jua lisipowaka siku tatu, na mashine inatumia umeme wa jua? Itakuwaje wachuuzi wa Voi wakipanda na pikipiki zao watukaushe? Fundi akajifuta mikono kwenye suruali.

"Mwenyekiti, sitakudanganya. Hata sisi tunajifunza nayo."

"Kwa hiyo sisi tuandike sheria ya kitu ambacho wewe bado uko darasani?" Mzee Mwakio akamuuliza.

"Andikeni tu, Mzee. Mtaona mbele."

Nikaandika. Kwa mchana mmoja, kwenye veranda ya kanisa, niliandika sheria kumi na moja. Kamati iliogopa jambo moja tu, wachuuzi wa pikipiki, kwa hiyo karibu zote zilikuwa za kuwazuia hao. Ya tano ilisema: "Kila mwenye kadi achote mwenyewe. Mtungi usio na mwenyewe karibu utatolewa kwenye foleni." Ya mwisho ilisema: "Sheria hizi zitabadilishwa katika mkutano mkuu wa mwaka pekee." Hiyo ya mwisho niliipenda kuliko zote. Niliona inatufanya tuonekane watu wa maana. Nilizisoma mbele ya watu wakapiga makofi, na daftari la siku hiyo lina mstari mmoja: "Leo nimefanya kazi safi."

Wewe umekulia hapa, kwa hiyo kosa umeshaliona. Foleni yetu haikuwa ya watu hata siku moja. Ilikuwa ya mitungi. Mtu anapita alfajiri akielekea shambani, anaacha mtungi wake na alama yake, rangi nyekundu au kitambaa kwenye mkono wa mtungi, anakwenda zake. Atakayekuwepo zamu ya mtungi ule ikifika anaujaza na kuusogeza kando. Anayepanda mlima anaubeba. Hakuna aliyewahi kuuita huo msaada, ndivyo maji yalivyotekwa tu. Na mimi niliyekuwa naishi hatua chache kutoka bombani, nikichota mapema kwa mikono yangu, niliandika sheria ya foleni bila kukaa kwenye foleni hata asubuhi moja nzima.

Bibi Mghoi, aliyekufundisha kusuka vikapu, alikuwa na mtungi wa njano wenye kitambaa cha buluu. Nyonga yake haikumruhusu kushuka. Mtungi ulishuka na mmoja, ukajazwa na mwingine, ukapandishwa na wa tatu, kila siku ya Mungu. Sheria yangu ilipoanza, ulitolewa foleni siku ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Baadaye haukuletwa tena.

Sasa nakunakilia daftari, neno kwa neno.

Wiki ya pili: "Mtungi wa Bibi Mghoi haupo foleni. Labda yuko kwa bintiye."

Wiki ya nne: "Mtungi wa Bibi bado."

Wiki ya sita: "Jirani wa Bibi Mghoi amenisimamisha. Anasema Bibi anatumia maji ya pipa lake la mvua, lile lenye kutu. Nimemwambia malalamiko yaletwe mkutano mkuu."

Umeona? Nilijua. Watu wengine wanaweza kusema hawakujua, lakini mimi niliandika kwa mkono wangu, na siku, kisha nikafunga daftari nikaona kazi yangu imekwisha. Wiki ya tisa walimbeba Bibi hadi hospitali Voi. Homa ya matumbo.

Ulikuja likizo ukapitiliza hospitalini na sanduku lako la shule. Mzee Mwakio alikuwa kwenye korido na mfuko wa machungwa. Ulimpigia kelele mpaka nesi akatoka: "Ni wewe uliyemnyima Bibi maji! Wewe na sheria zako!" Nami nilikuwa nimesimama hapo hapo, na chupa ya uji mkononi. Nilikuwa umbali wa kukugusa bega. Sikusema kitu.

Yeye alisema tu, "Pole, mwanangu."

Tulipotoka nje, mimi na Mzee Mwakio, nilishindwa kumtazama. Akaniambia, "Mama Wakesho, inua uso. Utamwambia mwenyewe siku ukiwa tayari. Mimi ngozi yangu imekomaa, kelele za mtoto haziniui."

Miaka yote hii umempita mzee yule njiani ukimsalimia kwa nusu mdomo, na mimi nikikuona. Ile sheria haikuwa yake, Wakesho. Alitaka kuandika mistari miwili na kungoja tuone. Nilimwambia hivyo siyo kazi safi. Kila neno la ile ya tano ni langu, na kila siku kati ya wiki ya pili na ya tisa ni yangu.

Bibi alipona, kama unavyojua. Nilipokwenda kwake kuomba msamaha aliniambia nimsomee hiyo sheria, nikamsomea nikilia. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Umeandika Kiswahili kizuri, Katibu. Mimi niko mstari wa ngapi?" Akanikatia muwa. Sijawahi kupata swali zuri kuliko hilo kuhusu sheria yoyote, na nakupa ulipeleke wizarani kama lilivyo.

Nilivyo mimi, baada ya hapo ningeweza kuruka upande wa pili. Mzee Mwakio mwenyewe aliingiwa na hofu, akasema tuifunge mashine turudi kwenye bomba la mkono. Tukagundua bomba fundi alishaling'oa akaondoka nalo. Na wiki ile ile ukungu ulishuka mlimani, jua halikuonekana, mashine ikazima. Tanki limejaa, unalipiga ngumi unasikia maji, na hupati hata ya kunawa uso. Kina mama walisimama pale wakicheka kwa hasira. Mmoja akaniambia, "Katibu, iandikie jua sheria ya kumi na mbili."

Lakini kufunga nako nilishakuonja. Miaka michache kabla, tulikuwa tumeahidiwa tanki, kamati ikasema kwanza tujue kila kitu, nani atalinda, nani atatengeneza, itakuwaje mwaka wa kumi. Tulikutana mara saba. Tanki likaenda kwa wengine, nasi tukashuka bondeni na mitungi kiangazi kizima. Hakuna aliyelaumiwa, kwa sababu hakuna aliyeandika kitu. Wanawake waliotembea njia ile walilipia uamuzi ambao hatukukubali hata kuuita uamuzi. Kwa hiyo mkubwa wako akikuambia kupiga marufuku ndiyo njia ya usalama, muulize ni usalama wa nani. Mgonjwa ambaye hiyo programu ingemwona mapema hatakuja ofisini kwenu kulalamika. Hatajua.

Tulichofanya mwishowe hakikuwa cha ajabu. Tuliifuta ile ya tano palepale, bila kungoja mkutano wowote, na ile ya mwisho tukaigeuza kichwa chini. Kila sheria tuliyobandika pale bombani ilikuwa na siku yake chini, siku ambayo tutaijadili tena hata kama hakuna anayelalamika. Tulimlazimisha fundi arudishe bomba la mkono kando ya mashine. Na kila Jumamosi, kabla ya mengine yote, kamati ilijiuliza: ni mtungi wa nani hatujauona wiki hii? Wanaolalamika ungewasikia tu. Tulikuwa tunawatafuta walionyamaza. Mara nyingi ilikuwa mtu amesafiri kweli. Mara mbili haikuwa hivyo, na tulifika mapema.

Wachuuzi wa pikipiki, kama unataka kujua, walikuja mara moja. Wakaona mlima, wakaona foleni, wakarudi Voi.

Sasa nakuona unatabasamu kwa upande mmoja, unasema, Mama, hii ni AI, siyo bomba. Najua. Jumanne ulinionyesha kwenye simu yako. Niliiuliza kwa Kiswahili juu ya madoa kwenye majani ya maharagwe, ikanijibu vizuri, ikaniambia ning'oe ipi na niache ipi. Kisha nikaiuliza kwa Kidawida, lugha yangu ya nyumbani, nayo ikanijibu maneno ambayo hayapo popote katika milima hii, kwa ujasiri wa mtu wa kampeni. Tulicheka mpaka baba yako akaja kuuliza nani amekuja. Nilipoacha kucheka niliogopa kidogo, kwa sababu sauti ilikuwa ile ile. Ilivyojua na ilivyobuni, ilisema kwa uhakika ule ule. Fikiria mama mzee kwenye zahanati, anaeleza maumivu yake kwa lugha ya nyumbani, na mashine inamjibu nesi kwa sauti hiyo. Hata hivyo mistari mitatu ya maharagwe nimeing'oa kama ilivyosema na mitatu nimeiacha, na nimeandika siku. Mwezi ujao nitakwambia. Usicheke, ndivyo nilivyo.

Kama ningekuwa mimi kwenye kiti chako, sidhani ningewapa ndiyo wala hapana. Ningewaambia tuanze na zahanati chache, na zisiwe zote za mjini penye mtandao. Iwemo ya mlimani, na iwemo ya Bomeni kule Taveta ambako watu wanavuka mpaka na lugha zao. Nesi abaki na neno la mwisho, na kitabu chake cha karatasi kibaki mezani, ili ukungu ukishuka kazi isisimame. Kabla ya kuanza, muandike ni dalili gani mkiziona mtasimamisha, na ni nani mwenye uwezo wa kusimamisha siku hiyo hiyo bila kungoja kikao. Ukiyaandika baadaye, utakuwa umeshaipenda kazi yako kama nilivyoipenda yangu. Na awepo mtu ambaye kazi yake ni kutafuta waliokoma kuja. Namba zenu zitawaonyesha waliopimwa. Bibi Mghoi hatakuwemo kwenye hizo namba.

Halafu juu kabisa, ukurasa wa kwanza, waandikie mambo msiyoyajua. Yaandike kwa lugha ya kueleweka, usiyafiche nyuma. Watakwambia inaonyesha udhaifu. Fundi wetu ndiye pekee aliyesema ukweli siku ile, "tunajifunza nayo," na sisi tukamwona hana maana kwa sababu hakuvaa tai.

Kuna mambo makubwa kuliko zahanati yatakayopita mezani kwako, najua, mashine ambazo kosa lake halifutwi Jumamosi inayofuata. Sina ujuzi nayo. Ninachojua ni kwamba mimi nilikuwa mwepesi mahali pa kwenda polepole, kwenye ile "mkutano mkuu wa mwaka pekee" niliyoipenda, na mzito mahali pa kukimbia, nilipoona mtungi haupo. Pale ambapo hamwezi kurudi nyuma, kuwa msumbufu, uliza swali la pili hata wakikuangalia vibaya. Pale mnapoweza kurudi, usiwachoshe watu na mikutano saba.

Ulisema huoni kitu. Mwanangu, hilo ndilo linalonifanya nifagie uwanja mara mbili. Watakuwepo watu kwenye ile meza wanaoona kila kitu, na kila mmoja ana jibu lake tayari. Wewe ndiye utakayekuja ukiwa unajua kwamba hujui, na bado uandike. Mimi nilikuwa na uhakika, na angalia nilichoandika. Nenda. Nakuambia kwa moyo wote, nenda, na nitakuwa nasikiliza redio kama mtu wa mpira.

Nilikusudia kuichomeka barua hii kwenye mkoba wako uisome ukiwa kwenye treni, milima ikiwa imeshapotea. Nimeandika mpaka hapa nikaona ninachofanya. Ni korido ile ile, nimesimama na chupa ya uji, nangoja upite. Kwa hiyo hapana. Nitakupa leo ukirudi, kabla ya chakula, wakati bado kuna mwanga. Nitakaa kwenye kiti cha mbele yako mpaka umalize, na utaniuliza unachotaka kuniuliza. Nimeacha kalamu nikaenda kwa Mzee Mwakio, nikamwambia ninachokuandikia. Alicheka, akasema, "Hatimaye! Basi nipige pasi shati?" Nimemwambia apige. Yuko nyumbani kwake sasa hivi, na ni mwendo wa dakika kumi. Ukitaka tutakwenda pamoja, na atakayeanza kusema ni mimi.

Mama yako